Mzee Ghailani na Mikanda Tisa

Wamesimulia waliotutangulia katika dini, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye ujuzi kamili, kwamba palikuwa na mja mwema katika nchi ya mitende, kusini ya Basra, jina lake Ghailani bin Ausi. Umri wake ulikuwa umeipita sitini kwa miaka minne. Tangu ujanani kazi yake ilikuwa moja tu: kusokota mikanda ya wakwezi.

Asiyeijua kazi hiyo na aijue kwanza, maana kisa chote kimesimama juu yake. Mtende ni mrefu, na shina lake halina tawi la kushika. Mkwezi anayepanda kukata tende hujifunga mkanda mpana wa nyuzi za mtende, ukapita nyuma ya kiuno chake na kulizunguka shina. Akifika juu huachia mikono yote miwili, akaegemea nyuma, akakata vichala kwa mundu. Wakati huo miguu yake iko kwenye gome, mgongo wake uko hewani, na baina yake na ardhi hakuna kitu ila mkanda.

Kwa hiyo wakwezi wa nchi ile walikuwa na ada. Hawakupokea mkanda mpaka aliyeusokota auegemee yeye kwanza, mbele ya macho yao. Mbele ya kibanda cha Ghailani palisimama mtende mkavu usiozaa. Aliuzungushia mkanda, akajifunga, akasema Bismillahi, kisha akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, mara saba, na mara ya saba akiiondoa miguu ardhini na kuikanyagisha kwenye shina. Mkanda ukishika, alimkabidhi mkwezi, naye mkwezi hakuuliza zaidi. Alipanda hata penye upepo, na moyo wake umetulia.

Miaka arobaini aliifanya kazi hiyo, na hakuna aliyeanguka na mkanda wake.

Kisha, majira ya baridi yaliyotangulia kisa hiki, maradhi yakamwingia. Yalianza kama mwiba chini ya mbavu, na baadaye mwiba ukawa ngumi. Chakula kikamkataa. Tabibu wa mji alimbonyeza tumbo, halafu akasema, "Acha kazi, mzee wangu. Kunywa asali, upumzike."

Ghailani alimshukuru kwa adabu, akatoka, na njia nzima akawa anajiuliza mtu kama yeye anapumzikia wapi. Hakuwa na shamba. Hakuwa na mwana wa kiume. Binti yake, Umaima, aliolewa mbali, juu ya mto, na alikuwa na vinywa vyake vya kulisha. Alichokipata mchana kililiwa jioni, na kilipozidi alimpa mwenye shida kuliko yeye, akisema kesho ina Mwenyewe. Sasa kesho ilikuwa imefika.

Wala tusidhani waja wema hawaogopi. Ghailani aliogopa. Aliogopa akiwa kwenye sijda, na aliogopa akiwa na kipande cha mkate mkononi. Kaburi hakuliogopa sana, kwani alishalizoea kwa dua. Aliogopa zile siku za kabla yake, ambapo angekuwa hai juu ya mkeka, hawezi kuokota hata unyuzi, na Raita, mkewe aliyeishi naye miaka arobaini, anakoroga maji matupu chunguni ili jirani asikie mwiko.

Basi akaficha. Alivaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine, watu wasione alivyokonda. Alipobanwa na maumivu katikati ya kusokota, aliinamisha kichwa kama mtu anayekaza uzi kwa meno. Hata Raita alimwambia ni upepo tumboni.

Ikafika siku ya kwanza ya mavuno. Asubuhi, jua halijapata ukali, alikuja mkwezi mmoja aitwaye Dhakwani kuchukua mkanda wake mpya. Dhakwani alikuwa mtu wa miraba minne, mzito kuliko wakwezi wote wa upande ule, na mwingi wa mzaha.

"Ami Ghailani, fanya upesi," alisema. "Tende zinaniita kwa jina."

"Zinakuonya kwa jina," alijibu Ghailani. "Mtende wa watu ukivunjika leo, tutajua nani alikuwa juu yake."

Dhakwani akacheka. Mzee akajifunga mkanda, akasema Bismillahi, akaegemea. Mara ya kwanza mkanda ukashika. Mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Mara ya saba alipoiondoa miguu ardhini, ngumi iliyo chini ya mbavu ikafumbata kwa nguvu, akachomoka kwenye mkanda na kupinduka ubavu. Dhakwani akamdaka kwa mkono mmoja kabla hajafika chini. Akamwinua juu, akashangaa.

"La ilaha illa Llah! Ami, wewe uko wapi humu ndani? Naona nimeinua kanzu tupu. Kapu langu la tende ni zito kuliko wewe!"

Akamketisha taratibu kivulini, akampangusa vumbi, akamwambia amsalimie Bi Raita. Hakuwa na ubaya moyoni, na maneno yake yalikuwa mzaha wa asubuhi. Akautupia mkanda begani, akaenda zake mashambani akiimba.

Ghailani akabaki pale alipoketishwa. Neno moja la mzaha ule likamrudia.

Kapu la tende.

Miezi minane alikuwa akiegemea, na miezi minane mikanda ilikuwa ikishika. Alipozidiwa wakati wa kusokota, vidole vikalegea kidogo, alijiambia: kama kuna kasoro, nitaijua nitakapoegemea. Na alipoegemea, mkanda ulishika, naye akasema alhamdulillahi. Lakini ulishika nini? Ulishika mifupa na kanzu mbili. Jiwe la mizani lilikuwa mwili wake, na mwili ulikuwa umeyeyuka, na yeye akaendelea kuwapimia watu kwa jiwe lile lile.

Akaihesabu mikanda yote aliyoisokota tangu augue. Tisa. Wakwezi tisa. Na leo wote wako juu.

Akaingia ndani akishikilia ukuta. Raita alikuwa anapepeta shayiri. Alipomwona uso, ungo ukamponyoka. Ghailani akamwambia yote kwa mara moja: maradhi, kanzu mbili, vidole vilivyolegea, kapu la tende.

Raita akasema kwa sauti ndogo, "Baba Umaima, labda yote ni mizima."

"Labda."

"Umesokota miaka arobaini. Vidole vyako vinajua hata ukiumwa."

"Labda."

"Ukienda kusema mbele yao, nani atakuja tena hapa? Wewe ni mgonjwa. Mimi ni mzee. Subiri mavuno yaishe, uwaambie polepole, mmoja mmoja. Tutakula nini, Baba Umaima? Niambie, tutakula nini?"

Hakuwa mwanamke mbaya. Yalikuwa ni maneno yale yale ambayo mumewe alikuwa ameshajiambia kabla ya kuingia ndani.

Ghailani akasema, "Sijui tutakula nini. Wallahi sijui, na naogopa hata meno yanagongana. Lakini Numairi amepanda na mkanda wangu, na ana watoto wanne, Raita. Akianguka saa hii, kila tonge nitakalokula baada ya leo nitakuwa nimelitoa mdomoni mwao."

Akajaribu kwenda. Hatua ya tatu akashika mlango, hawezi. Raita akamtazama pale mlangoni, akasimama, akajitanda shela.

"Hutafika peke yako," alisema. "Weka mkono hapa begani. Twende."

Wakaifuata njia ya kando ya mfereji. Wakwezi wa nchi ile huimba wakiwa juu, kila mmoja na kipande chake, na waliopo chini humjua kila mtu kwa sauti yake. Ghailani alitembea akizihesabu sauti. Moja ikikatika ghafla, alisimama mpaka isikike tena kutoka juu ya makuti. Mara zikawa saba. Mara nane. Kuna wakati alisikia sita tu, akamshika Raita bega mpaka kucha zikamwingia, naye Raita akaendelea kumkokota.

Walipofika mashambani alijaribu kuita. Sauti ikatoka kama ya kifaranga, ikazama katika nyimbo. Akaita tena. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Raita alikuwa mwanamke wa heshima ambaye tangu aolewe hajapaza sauti mbele ya wanaume. Akaufunua mdomo wake, akapiga ukelele, na ukelele ule ukapita juu ya mitende yote.

"Shukeni! Enyi watu, shukeni! Msiegemee! Kumbatieni miti mshuke!"

Nyimbo zikafa. Wakaanza kuteremka kwa mikanda yao kama kawaida, mmoja baada ya mwingine, wakinung'unika. Mmoja aliuliza kama mto umefurika. Mwingine akasema, "Bi Raita, kama ni nyoka, mwenzangu huko chini angemwona kwanza, maana ndiye mvivu wa kupanda." Walipofika chini na kumwona Ghailani ameshikilia ukingo wa mfereji, rangi imemtoka, wakaacha mzaha. Walikuwa wanane.

"Dhakwani yuko wapi?" aliuliza.

Wakaonyesha mwisho wa shamba, ulipo mtende mrefu kuliko yote. Dhakwani alikuwa juu kabisa, upepo ukimpigia kisogoni, akiimba kwa sauti yake mwenyewe asisikie ya mtu mwingine. Alikuwa ameachia mikono. Mgongo wake mpana wote ulikuwa nje, hewani, na mkanda umekazana kiunoni.

Ghailani akaenda mbio. Hakuna aliyejua mbio zile alizitoa wapi. Akafika chini ya shina, akalishika kwa viganja vyote viwili kana kwamba angeweza kulizuia lisitikisike, akaita kwa pumzi yote iliyombakia.

"Dhakwani! Mwanangu!"

Wimbo ukakoma. "Nani? Ami? Umekuja kunihesabia vichala?"

"Kumbatia mti. Usiegemee tena. Uache mundu uanguke, kumbatia mti kwa mikono miwili."

"Ami, jua limekupata."

"Nakuomba kwa haki ya Mola wako, kumbatia mti!"

Mundu ukaanguka, ukachoma mchangani. Kisha wakamwona akijivuta mbele, akalikumbatia shina, akaanza kushuka kifua kwa gome. Shina la mtende lina visiki vikali vya makuti yaliyokatwa, kwa hiyo hakuna anayeshuka hivyo kwa hiari yake. Kila hatua kanzu yake ilichanika, na baada ya kanzu ikafuata ngozi. Alipokanyaga chini, kifua chote kilikuwa damu, na mzaha haukuwepo usoni mwake.

"Umenichuna kama mbuzi mbele za watu," alisema. "Sema sababu."

Ghailani akavua kanzu ya juu. Kisha akavua na ya chini, akabaki na shuka, na wote wakaziona mbavu zake na uvimbe chini yake. Raita akageuza uso.

"Hii ndiyo sababu," alisema. "Tangu majira ya baridi mimi si mzito wa kujaribia mkanda. Nimekuwa nikiegemea mbele yenu na mkaniamini, na nilikuwa sijaribu kitu. Wala sijui vidole vyangu vilifanya nini nilipokuwa naumwa. Mikanda tisa mliyonayo sina dhamana nayo. Nilificha kwa kuogopa njaa. Nihukumuni."

Aliyesema kwanza alikuwa Numairi, mkwezi mkongwe kuliko wenzake, mtu wa ulimi mkali. "Miezi minane," alisema. "Miezi minane tumeachia mikono huko juu kwa kuutegemea uzito wa shomoro! Ningeanguka, ungekuja mazishini umevaa kanzu ngapi, mzee?"

Lilikuwa swali la haki.

Wakaamua kuijaribu mikanda palepale chini, usawa wa kiuno. Dhakwani, pamoja na damu yake, akasema yeye ndiye ataegemea, maana ndiye mzito. Akaanza na wake mwenyewe. Mara saba, kwa nguvu zote. Ukashika. Akautazama, akakitazama kifua chake, akatikisa kichwa. Wa pili ukashika. Wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka wa nane. Watu wakaanza kupumua. Mmoja akasema, "Mzee ametutia hofu ya bure." Raita akayasikia maneno hayo, na Mwenyezi Mungu anajua moyo wake ulisema nini.

Wa tisa ulikuwa wa Numairi. Dhakwani akajifunga, akaegemea. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu pakasikika mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga ganda kavu, na Dhakwani akaanguka chali mchangani na nusu ya mkanda kiunoni.

Numairi akaokota nusu ya pili, akaigeuzageuza, akaketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. Asubuhi ile alikuwa ameshapanda mitende minne.

Ghailani akasema, "Nisameheni. Msije tena kwangu." Raita akamvika kanzu, akampa bega, wakarudi kwa njia ile ile ya mfereji.

Siku ya kwanza hakuja mtu, wala ya pili, wala ya tatu. Shayiri ikabaki ya kufunika kiganja. Hofu ambayo Ghailani aliikimbia miezi minane sasa ilikuwa ndani ya nyumba, imekaa nao, na haikuwa na haraka. Alisali kwa kukaa. Raita akasema, "Leo tumefunga kabla ya kunuia," wakacheka kidogo. Hakumlaumu mumewe hata kwa jicho, na hii nayo ni subira ambayo malipo yake anayajua Aliyeiona.

Siku ya nne adhuhuri wakabisha hodi Numairi na Dhakwani. Dhakwani alikuwa amepakwa samli kifua kizima, na mikononi amebeba mikanda mipya. Numairi hakukaa. Alizungumza akitazama mlango.

"Tumekwenda kwa msokotaji wa kijiji cha pili," alisema. "Ana mwili kama nyati, na ameegemea mbele yetu. Mikanda yake haina kasoro. Jana nikapanda nayo, nikafika juu, nikashindwa kuachia mikono."

"Kwa nini, Numairi?"

"Nilijiuliza: huyu siku akikosea, atakuja mpaka chini ya mti kuniambia nishuke? Sikupata jibu. Nikashuka, mundu haujakata kitu."

Dhakwani akaiweka mikanda mbele ya mzee. "Ami, kusokota tutasokotewa. Kuegemea nitaegemea mimi, nina nyama ya kutosha watu watatu. Wewe kaa, tazama, papasa kwa vidole. Ukisema hapana, hakuna atakayepanda nao. Na fungu la mavuno utalipata kama mkwezi."

Ghailani akazitazama nyuzi, asizishike. "Na nikikosea tena?"

"Utatuambia," alisema Numairi.

"Mimi naogopa, Numairi. Naogopa kila mkanda, na kila asubuhi."

Hapo Numairi akaketi chini mkekani, mbele yake, na ule ukali wote ukamtoka. "Mzee wangu," alisema, "sitaki tena mkanda uliopita mikononi mwa mtu asiyeogopa."

Wamesimulia kwamba Ghailani alivuta mkanda wa kwanza mapajani, akaufuata unyuzi kwa unyuzi, midomo ikisema dua. Aliifanya kazi hiyo akiwa ameketi, kisha akiwa ameegemezwa mto, na mwisho akiwa amelala, mpaka Mola akaichukua amana yake kabla ya mavuno mengine. Hofu haikumtoka hata siku moja. Jeneza lake lilibebwa na wakwezi tisa, na tangu mwaka ule vichala vya kwanza vya kila shamba vilipelekwa kwa Raita, bila yeye kuomba, hadi naye akamfuata mumewe.

Ndugu yangu msomaji, pengine wewe umri umekwenda, mwili unauma, na kesho hukuiwekea kitu. Pengine bado unaamka kwenda kazini na maumivu umeyaficha chini ya nguo. Kuogopa si dhambi, na Mola anajua mja wake ameumbwa na nini. Swali ni moja tu: hofu yako imekupeleka wapi? Ya Ghailani ilimfunga kinywa miezi minane, na asubuhi moja ilimpeleka mbio mpaka chini ya mti. Tunamwomba Mwenyezi Mungu, Mlinzi wa walio juu na walio chini, aturuzuku hofu iliyo na miguu ya namna hiyo, na awasitiri wazee wetu wanaofanya kazi huku wanaumwa. Amin.